Kiitikio Kutoka Msalani

Wazo la kumwita Mzee lilikuwa langu, kwa hiyo hata aibu yake sina wa kugawana naye.

Sisi ni vijana watano tunaopiga roki Dar es Salaam, mji ambao ukisema "roki" watu wanakuuliza kama ni ya kanisani. Nilikuwa nimesoma jinsi Neil Young, mkongwe wa roki kutoka Kanada, akiwa na miaka 49, alivyoingia studio Seattle mwaka 1995 na vijana wa bendi ya roki ya Pearl Jam, wakarekodi albamu ya Mirror Ball kwa siku nne hivi. Nikawaambia wenzangu: na sisi tutafute mkongwe wetu. Tukampata mpiga solo wa muziki wa dansi, mtu aliyerekodi Redio Tanzania enzi zile bendi nzima inaingia studio na kupiga wimbo mwanzo mwisho.

Siku ya mazoezi alikuja na gitaa moja na waya mmoja. Mpiga gitaa wetu ana pedali saba za kubadili sauti ya gitaa. Mzee akaitikia shikamoo zetu, akaziangalia zile pedali pale chini, akauliza kwa upole, "Mwanangu, unapiga gitaa au unatengeneza redio?"

Kurudia hakutaka. Wimbo ukirudiwa sana unachacha, alisema, akaenda zake kunywa chai.

Jumamosi tukapanda jukwaani, baa moja ya Temeke. Kabla ya hapo nilikuwa nimepitia supu ya pweza, bakuli mbili, maana muuzaji aliapa kwamba inatia nguvu. Wimbo wa nne, nguvu ikaanza kutafuta mlango. Nikamgeukia Mzee, nikazungusha kidole: tufunge. Yeye akaelewa tuzungushe. Akaingia kwenye chemko, pale magitaa yanapochachamaa watu wacheze, na wote tunajua chemko la dansi halina saa. Nikashuka mbio.

Kwamba maiki ninayo mkononi niligundua pale nilipojisikia ninaguna mara mbili: mara ya kwanza kooni, mara ya pili kwenye spika. Kuizima haikuwezekana. Kitufe tulikuwa tumekizungushia selotepu wiki ile ile, kwa sababu nilikuwa na tabia ya kukibonyeza katikati ya ubeti.

"Uwiii, mama!"

Gitaa likajibu: tiririri-tii!

Sasa mtu mzima yule hakuacha sauti hata moja ipotee bure. Nikiguna, solo inapanda. Nikisema "Ee Mungu wangu," solo inateremka taratibu, kwa huruma kabisa. Dakika chache baadaye ukumbi mzima unaitikia, "Mama!"

Nikiwa nimechuchumaa ndipo nilipokumbuka kwamba mwaka ule ule wa 1995, mwezi Juni, San Francisco, mbele ya watu kama 50,000, tumbo lilimwondoa Eddie Vedder, mwimbaji wa Pearl Jam, jukwaani baada ya nyimbo saba, Neil Young akaiendeleza shoo. Sehemu hiyo sikuwasimulia wenzangu nilipokuwa nawashawishi. Ila Vedder, nadhani, maiki aliiacha.

Niliporudi, Mzee alikuwa ametunzwa mpaka noti zimemganda usoni. Akabandua elfu kumi, akanipa. "Hii yako. Zile nyimbo tatu za mwanzo ulikuwa unalazimisha."

Mwenye baa anautaka tena wimbo ule Jumamosi ijayo. Mzee amekubali bila shida, ila anataka kujua mapema nitagunia ufunguo gani.