Pezi Linajua pa Kukomea

Simshangai Mnairobi anayeuliza kwa nini wasomi wakate mkia wa samaki kisha wakae wakiutazama ukiota, ilhali aliyepoteza mguu kwa ajali ya bodaboda haoti hata kidole. Swali ni la haki. Binadamu akikatwa, kidonda huziba kwa kovu. Ncha ya kidole cha mtoto, karibu na ukucha, yaweza kurudi. Zaidi ya hapo, basi. Tena pezi la mkia ni vijiti vya mfupa na ngozi, si kama mguu. Msuli hauko ndani ya vijiti hivyo. Na dawa ya kuotesha kiungo cha mtu haijatoka humo hadi leo.

Ila wanaolalamika hutazama kuota tu. Mimi kinachoninyima usingizi ni kukoma.

Chukua danio, samaki mdogo wa mistari wa Asia Kusini. Mkate mkia: katika maji ya nyuzi 28 ataurudisha kwa takriban wiki mbili. Chini ya ngozi iliyofunika jeraha, seli za mfupa huacha kazi zao za zamani na kujikusanya kuwa chipukizi liitwalo blastema, kisha hujenga upya. Sasa mkate mmoja ncha tu, mwenzake karibu na shina. Ungedhani wa kwanza atamaliza mapema. Wapi! Aliyekatwa zaidi huota kwa kasi zaidi, hata wote wawili wakakaribia kumaliza pamoja. Mwanabiolojia Thomas Hunt Morgan, aliyepata Nobel mwaka 1933 kwa kazi ya kromosomu, alikuwa ameshahangaika na mikia ya samaki mwanzoni mwa karne ya 20. Na si urefu mmoja unaokumbukwa. Mkia wa danio una panda: vijiti vya kati vifupi, vya pembeni virefu, na kila kimoja hurudia kipimo chake. (Utazame mkia wa mbuta, yaani sangara, kwenye mgongo wazi, mifupa inayobaki minofu ikitolewa, pale soko la Gikomba: wenyewe ni wa mviringo.)

Wapo danio wa mapezi marefu wanaofugwa kama mapambo. Kwao pezi hupitiliza, kwa sababu ya hitilafu inayohusu kcnh2a, jeni ya njia ya kupitishia potasiamu kwenye seli. Jeni inayolingana nayo kwa binadamu husaidia kuweka sawa mapigo ya moyo. Nani angeitafuta mkiani?

Kuhusu hoja kwamba pezi si mguu, tunaye kamongo, samaki mwenye mapafu, wa Ziwa Victoria. Wengi hapa mjini hawamgusi, wanasema ni nyoka. Lakini kwa nasaba yuko karibu na sisi wenye miguu kuliko alivyo karibu na ngege (sato) au mbuta. Mapezi yake, membamba kama kamba, yana gegedu na msuli ndani, na jamii yake ikikatwa pezi huliotesha tena, gegedu na msuli vyote.