Bata mzinga hana kosa, tatizo ni chumvi

Mdogo wangu anafanya kazi Dar es Salaam, na kila akipanda kuja Mbeya haji mikono mitupu. Safari iliyopita alimletea Mama pakiti mbili za bekoni ya bata mzinga, kazifunga kwa magazeti pamoja na barafu ndani ya ndoo ya plastiki zisije zikaharibika njiani. Alikuwa na nia njema kabisa. Mama ana presha, kliniki walimwambia apunguze chumvi na mafuta, na bekoni, vile vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe vya kukaanga, ni kitu anachokipenda tangu enzi za ujana wake alipokuwa akifanya kazi kwenye jiko la nyumba ya wageni. Mdogo wangu akaona ya bata mzinga itamfaa: ni ndege, nyama nyeupe, na kwenye pakiti wameandika kwa herufi kubwa kwamba mafuta yamepunguzwa. Mama akapokea kwa mikono miwili. "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Wiki nzima akawa anakula vipande vinne kila asubuhi, na mkate na chai. Siku ya saba akaniambia kwamba tangu aache chumvi, hiki ndicho chakula cha kwanza kilichorudi kuwa na ladha mdomoni.

Neno hilo ndilo lililonifanya niende kwenye friza na kuigeuza pakiti nyuma.

Kipande kimoja cha gramu 15: kalori 30, mafuta gramu 2, protini gramu 2, sodiamu miligramu 180. Kampuni hutofautiana kidogo, lakini pakiti nyingi nilizozisoma baadaye hazikwenda mbali na hapo. Sasa, anayesoma haraka ataona kalori 30 na mafuta gramu 2 na kuridhika. Mstari wa sodiamu anaupita, kwa sababu nani nyumbani anapika kwa sodiamu? Tunapika kwa chumvi. Sodiamu ni sehemu tu ya chumvi; ili uijue chumvi yenyewe, zidisha sodiamu mara mbili na nusu. Vipande vinne vya Mama ni miligramu 720 za sodiamu, sawa na gramu 1.8 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hapo ni kwa mtu yeyote, achilia mbali mwenye presha.

Nikachukua kisosi cheupe. Nikajaza kijiko cha chai chumvi, nikakisawazisha kwa mgongo wa kisu, nikamimina, nikagawa mafungu matatu. Nikasogeza fungu moja mbele ya Mama.

"Yote hii?"

"Hiyo na kidogo juu yake, Mama, na mkate hatujauhesabu."

Alichovya ncha ya kidole akaonja, akakaa kimya. Huyu ni mama ambaye miezi minne amekuwa akila maharage yasiyo na chumvi, akivumilia, huku sisi wengine tukiongeza yetu mezani. Kumbe chumvi aliyoiacha kwenye sufuria tulikuwa tunamrudishia kwenye pakiti, tena kwa upendo.

Watu wengi wanadhani bekoni ya bata mzinga ni kipande cha ndege kilichokatwa tu. Sivyo inavyotengenezwa. Nyama ya bata mzinga, ya paja na ya kifua, husagwa, ikachanganywa na maji, chumvi, sukari, nitriti ya sodiamu, ambayo ni dawa ya kuihifadhi nyama, na harufu ya moshi, kisha ikashindiliwa na kukatwa vipande vyembamba. Ule mstari mweupe na mwekundu unaoifanya ifanane na ya nguruwe mara nyingi umepangwa kiwandani, nyama nyeupe huku, nyekundu kule. Bata mzinga mwenyewe hana kosa. Kifua chake kikichomwa bila ngozi na bila kutiwa chumvi, gramu 100 zina protini ya gramu 30 hivi, mafuta kidogo sana, na sodiamu haifiki miligramu 150. Yaani kipande kimoja chembamba cha bekoni yake kina sodiamu nyingi kuliko mnofu huo wote.

Kuna haki ambayo lazima niitoe. Ukiiweka kando ya bekoni ya nguruwe, ya bata mzinga ina mafuta pungufu, hasa yale mafuta mabaya kwa moyo, na kwa ndugu zetu Waislamu, ikiwa imechinjwa kihalali, inawafungulia mlango wa chakula ambacho vinginevyo wasingeweza kukila. Hilo ni jambo la kweli. Lakini kipande kwa kipande tofauti ya kalori ni kama kumi tu, na chumvi zinakaribiana. Halafu kuna suala la kikaango. Ya nguruwe hujikaanga kwa mafuta yake yenyewe. Hii ya bata mzinga hushika chini, kwa hiyo mpishi anamimina mafuta ya alizeti. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120. Nilimwangalia dada anayemsaidia Mama jikoni akimimina bila kupima, na pale pale faida yote ya pakiti ikawa imekwisha.

Kisha saratani. Oktoba 2015, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka nyama iliyosindikwa, yaani iliyokolezwa chumvi, kukaushwa kwa moshi au kuwekewa dawa za kuihifadhi, kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kwa uhakika kusababisha saratani. Walikadiria kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Isieleweke kwamba bekoni ni sawa na sigara. Kundi lile linapima uhakika wa ushahidi, halipimi ukubwa wa madhara. Na wala usindikaji huo hauhusu nguruwe na ng'ombe peke yake, kuku na bata mzinga wanaweza kuwemo. Vipande vinne vya Mama ni gramu 60. Ukikuta pakiti imeandikwa haina nitriti iliyoongezwa, soma tena: mara nyingi wametia unga wa selari, aina ya mboga, ambao nao unaleta nitriti ile ile.

Ninachokasirikia ni kwamba maandishi yote yale yalikuwa kwa lugha za wenzetu, herufi ndogo kama miguu ya siafu. Chakula kinachouzwa kwa Watanzania kiandikwe kwa Kiswahili, na kiandike chumvi, gramu ngapi kwa kipande, mbele ya pakiti pale pale walipoandika sifa ya mafuta. Na wauguzi wetu, ambao nawaheshimu, wasiishie kusema "mama, punguza chumvi". Wamtajie na ile asiyoiona: soseji, bekoni, vidonge vya kuungia mchuzi, samaki waliokaushwa kwa chumvi. Mama alitii alichoambiwa neno kwa neno. Hakuna aliyemwambia kwamba chumvi inaweza kuja imevaa nguo nyingine.

Hapa najua nitawaudhi baadhi ya jamaa, lakini nitasema. Kwa mgonjwa wa presha, kipande cha nyama mbichi ya nguruwe kisicho na mafuta, kikachemshwa na tangawizi na kitunguu saumu, kinaweza kuwa na amani kuliko bekoni ya ndege yeyote. Kwenye mabanda ya kitimoto hapa mjini chumvi huletwa pembeni ya sahani, pamoja na pilipili. Unaiona. Unaweza kuikataa.

Na protini, kama ndiyo tunayoitafuta, Nyanda za Juu hatujapungukiwa. Yai moja la kuchemsha lina gramu 6, sawa na vipande vitatu vya ile bekoni, na sodiamu yake ni miligramu 70 hivi. Pakiti ile ilimtoa mdogo wangu shilingi 16,000. Kwa hela hiyo sokoni Mwanjelwa nabeba trei nzima ya mayai na chenji inabaki. Maharage ya Njano Uyole, yaliyotoka kwenye kituo cha utafiti hatua chache kutoka kwetu, yakipikwa na nyanya, kitunguu kingi, karanga kidogo na limau mwishoni, Mama anayala bila kuulizia chumvi. Usipa wa Kyela, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, ni mzuri mno, mradi uwe umekaushwa kwa jua tupu. Muulize anayekuuzia, atakuambia. Na mkate asubuhi tumeupaka parachichi la Rungwe, lililoiva hadi linasagika kwa uma, na pilipili manga juu.

Mdogo wangu nilimpigia simu nikamweleza, nikichagua maneno asije akaona zawadi yake imetupwa. Akanyamaza kidogo, akauliza safari ijayo alete nini. Mama akaidaka simu akasema alete limau na pilipili manga ya Zanzibar. Pakiti ya pili bado iko kwenye friza. Itatoka Krismasi, vipande viwili kwa kila mtu, na Mama ameshaagiza kwamba siku hiyo mboga zote za nyumba, za kwetu pia, zipikwe bila chumvi.