Boya la Kigamboni litamlinda nani?

Tangu tetemeko la Kamchatka, kule Urusi, la Julai 2025, kundi letu la WhatsApp la mtaa limepata mtaalamu wa bahari. Ni yule yule aliyekuwa mtaalamu wa korona, kisha wa dola. Safari hii katuma sauti ya dakika sita akitaka serikali itege boya la tsunami mbele ya Kigamboni "tulale kwa amani". Watu wakamwaga makofi. Usingizi ukanipaa mimi.

Jamani, mlinzi gani huwekwa uvunguni mwa kitanda?

Tsunami ya 2004 ilianzia Sumatra, kisiwa cha Indonesia, ikasafiri zaidi ya saa nane ndipo ikatufikia. Kwenye kina cha mita 4,000 wimbi la namna hiyo hukimbia kilomita 700 kwa saa, na baharia aliye juu yake hahisi kitu: setilaiti iliyopita saa mbili baada ya tetemeko ilipima mwinuko wa sentimita 60 hivi tu. Ndiyo maana kifaa chenyewe si boya. Kifaa hulala sakafuni mwa bahari, kikipima mgandamizo wa maji yaliyokilalia, na sentimita moja ikiongezeka kinajua. Boya ni tarishi tu: hupokea habari kwa sauti kutoka chini na kuirusha kwenye setilaiti. Sasa tarishi huyo mweke Kigamboni. Likishampita, wimbi limebakiza dakika chache. Kabla ofisa wa zamu hajaona miwani yake iko wapi, maji yako Feri.

Kihisi kikae jirani na anakotokea mwizi: ng'ambo ya ufa wa Sumatra, pale ardhi inapopasuka na kutikisika, au mbele ya Makran kule Iran na Pakistan, palipotikisika Novemba 1945 na kuua watu mpaka Mumbai. Lakini si juu ya ufa wenyewe, maana mtikisiko huvuruga vipimo usijue lipi tetemeko na lipi wimbi. Unasogea kidogo, mtikisiko upite kwanza, kwa kuwa una mbio kuliko maji. Ukisogea mno, walio karibu unawazika.

Hapo ndipo hata wataalamu wa kweli wananiudhi. Wanapiga hesabu, kompyuta inatoa nukta nzuri baharini, na hakuna aliyemuuliza mvuvi. Kitu chochote kinachoelea huvuta samaki. Hilo muulize mtoto yeyote wa Kunduchi. Vyombo vinafungwa kwenye boya, nyavu zinanasa, kamba inakatika, tarishi anaondoka na mkondo. Indonesia ilitega maboya baada ya 2004. Palu, mji wa huko huko, ulipopigwa na tsunami Septemba 2018, wakubwa wa maafa wa huko walisema wenyewe kwamba hayakuwa yakifanya kazi tangu 2012. Sawa, Palu ni ghuba nyembamba, maji yalifika ndani ya dakika chache, pengine boya lisingefua dafu. Lakini miaka sita! Mahali bora kwenye ramani pasipofikiwa na meli ya matengenezo si mahali, ni kaburi la mitambo. Japani wamelaza vihisi 150 kwa nyaya chini ya bahari. Japani ni Japani.

Haya, nakubali pia kwamba ardhi ikiporomoka chini ya bahari yetu wenyewe, Sumatra haitatuambia kitu. Boya moja la Kigamboni nalo halitatuambia.

Mwaka 2004 Bahari ya Hindi yote haikuwa na boya hata moja la kazi hiyo. Hata hivyo polisi wa Mombasa waliposikia habari waliwatoa watu ufukweni, na Kenya nzima akafa mtu mmoja. Sisi tulipoteza watu wasiopungua 10. Mimi Jumapili ile nilikuwa ufukweni na watoto wa dada yangu. Maji yalirudi nyuma kama mtu kavuta shuka, watoto wakakimbilia samaki waliobaki mchangani. Muuza madafu mmoja alianza kutupigia kelele tutoke. Nilidhani kalewa. Nilipofika nyumbani nikakuta televisheni ilikuwa ikitangaza tangu asubuhi.

Kwa hiyo nimeuliza kundini: tahadhari ikiingia saa nane usiku, nani ataipeleka kwa wavuvi walio dago, kambini mwao, Mafia?

Mtaalamu amesoma. Tiki mbili za bluu.