Ndege ya Dawa Nayo Ikaguliwe Mara Mbili

Ndege ya kunyunyizia dawa mashamba ikianguka na uchunguzi ukaonyesha kosa la ukarabati, swali la kujibiwa na sisi wa Nairobi, ambako ndege ndogo nyingi hukarabatiwa Uwanja wa Wilson, ni hili: je, ndege isiyobeba abiria ikaguliwe kwa ukali ule ule wa ndege ya abiria?

Wanaopinga wana hoja nzito. Ndege yenyewe aghalabu ina kiti kimoja tu. Hutua kwenye viwanja vya vumbi, mbali na karakana, na msimu haungoji mtu. Ugonjwa wa kutu ya ngano huenea upesi; nzige walipovamia Kenya 2020, uvamizi mbaya kuliko wote kwa miaka 70, kila siku ndege ilipokaa chini malisho yaliendelea kuliwa. Kumtoa fundi wa pili Nairobi hadi Narok akakague kazi ya mwenzake ni gharama, na atakayeilipa mwishowe ni mkulima. Silipuuzi hilo.

Lakini tazama kazi yenyewe. Rubani hupita mita tatu hivi juu ya ngano, dawa imejaa tangi, akifika mwisho wa shamba anainua pua, anakata kona, anarudi, asubuhi nzima. Kebo ya usukani ikikwama akiwa juu sana, pengine atapata dakika ya kujaribu hili na lile. Mita tatu hazimpi hata sekunde. Isitoshe, dawa hula chuma na kebo zisipooshwa vizuri. Kwangu mimi, ndege hii inahitaji uangalizi zaidi, si pungufu.

Mwaka 1990 ndege ya British Airways ilipoteza kioo cha mbele ikiwa angani Uingereza, rubani akavutwa nje nusu mwili. Alinusurika. Bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa: fundi mzoefu alizilinganisha kwa macho, usiku, peke yake, na hakuna aliyekagua kazi yake. Charlotte, Marekani, 2003, ndege ya abiria ilianguka, watu 21 wakafa. Kebo za kuinua na kushusha pua zilikuwa zimefungwa vibaya. Hapo mkaguzi alikuwepo, ila ndiye huyo huyo aliyekuwa akimfundisha fundi kazi ile, na hatua kadhaa zikarukwa. La Charlotte ndilo linaloniuma zaidi, maana karatasi zilikuwa na sahihi.

Kuna wanaotaka fundi afungwe. Familia ya rubani ina kila haki ya kudai majibu, na uzembe wa makusudi upelekwe mahakamani. Ila uchunguzi wa ajali, kwa Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, ni wa kuzuia ajali nyingine, si wa kutafuta wa kulaumiwa. Fundi anayeogopa jela hatapiga simu usiku kusema, "Ile bolti sina uhakika nayo."

Kwa hiyo sidai kila kitu kikaguliwe mara mbili. Nadai usukani na kebo zake: mmoja akae ndani asukume fimbo, mwingine ambaye hakuigusa kazi hiyo asimame mkiani aone kibawa cha mkia kinakwenda upande unaotakiwa. Ni dakika chache, na rubani aliyefunzwa anaweza kuwa huyo wa pili hata kule shambani. KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, iliweke hilo liwe sharti la leseni.