Hao Haidong hakuuzwa kwa pauni moja

Kila linapotajwa jina la Hao Haidong kwenye mabishano ya mpira, hakosi mtu wa kucheka: "Si yule Mchina aliyenunuliwa kwa pauni moja?" Ndiye. Mwanzoni mwa 2005 Sheffield United ya Uingereza ilimchukua kutoka Dalian kwa pauni 1, hela ambayo huenda haitoshi hata nauli ya basi la kwenda uwanjani. Alikuwa na miaka 34. Akasugua benchi, majeraha yakamwandama, akaambulia mechi moja tu ya mashindano: Kombe la FA, Januari 2006, akitokea benchi, na timu ikafungwa 2-1 nyumbani na Colchester. Baada ya hapo akatundika daluga.

Mimi mzaha huo haunichekeshi. Pauni ile haikuwa bei ya mchezaji. Sheffield United walikuwa wanabisha hodi kwenye soko la China, na haukupita muda wakainunua klabu nzima kule Chengdu. Hao alikuwa kadi ya mwaliko.

Alichokipoteza alikipoteza zamani. Alizaliwa Qingdao mwaka 1970, na akiwa bado mtoto akaingia kwenye timu ya Bayi. Bayi maana yake ni "nane-moja", yaani Agosti 1, siku ambayo jeshi la China huadhimisha kuzaliwa kwake mwaka 1927. Ilikuwa timu ya jeshi. Mkenya anayeifahamu Ulinzi Stars, au sisi tuliozoea timu za JKT, hatuhitaji maelezo marefu hapo. Mchezaji ni askari, na askari hahamishwi na wakala, anahamishwa na mkubwa wake. Kwa hiyo winga na mabeki wa klabu nyingine walipoanza kuonja pesa za ligi ya kulipwa iliyoanza 1994, mshambuliaji mwenye kasi kuliko wote nchini alikuwa bado yupo kambini. Alitoka 1997, akaenda Dalian, na huko akaonyesha kilichokuwa kimefungiwa: mataji matano ya ligi, na kiatu cha mfungaji bora zaidi ya mara moja. Mwaka 1998 Yang Chen alikwenda Frankfurt, Fan Zhiyi na Sun Jihai wakaenda Crystal Palace. Hao akabaki. Ulaya ilikuja kumwona magoti yameshachoka.

Sikumwona enzi za ubora wake, na nadhani wengi wetu huku hatukumwona. Nilimwona siku moja ambayo haikumtendea haki. Juni 8, 2002, Jumamosi, saa nane na nusu mchana, Kombe la Dunia, China na Brazil. Kibanda umiza chetu kilijaa mpaka watu wamekalia kreti za soda, na mwenye kibanda alikuwa ameizungushia televisheni boksi la kadibodi kuzuia mwanga wa jua. Hakuna aliyekuja kwa ajili ya China. Roberto Carlos alipopiga ile faulo, mpira ukapita kabla kipa hajajua uko wapi, boksi likadondoka kwa kelele.

Mimi, sijui kwa nini, nikawa namwangalia yule namba 10 wa China. Alikuwa anakimbia peke yake. Anakimbia kulia, mpira hauji. Anarudi katikati, anainua mkono, mpira unapigwa nyuma. Anakimbia tena. Zhao Junzhe alipogonga mwamba, kibanda kizima kilisema "aaaa!", hata waliovaa njano. Ilikuwa 4-0. Mechi ya kwanza Costa Rica walishawafunga 2-0, na Uturuki wakamalizia na 3-0. Bora Milutinović, kocha aliyezoea kuzivusha timu ndogo hatua ya makundi, safari hii alirudi bila hata bao moja. Namba 10 alikuwa na miaka 32. Mshambuliaji anayeishi kwa kasi, ukimpa Kombe la Dunia la kwanza akiwa na miaka 32, umempa mabaki.

Si malaika, nakubali. Aliwahi kufungiwa mwaka mzima barani Asia kwa kumtemea mate mwamuzi, na kwao walimwita "Mzinga" kwa sababu akifungua mdomo, viongozi wa soka walijificha. Mdomo huohuo ndio uliomfikisha kwenye tukio la Juni 4, 2020, kumbukumbu ya siku jeshi lilipowaua waandamanaji wa Tiananmen, Beijing, mwaka 1989. Alitokea kwenye video YouTube akisoma tamko la kutaka chama tawala cha China kiondoke. Mkewe Ye Zhaoying, bingwa wa zamani wa dunia wa badminton, akasimama naye. Aliyekuwa nyuma ya shughuli hiyo ni tajiri Guo Wengui, ambaye baadaye mahakama ya New York ilimtia hatiani kwa utapeli, na hapo naona Hao alikosea kuchagua wa kupanda naye jukwaani.

Lakini kilichofuata ndicho kinachonishangaza hadi leo. Akaunti yake ya Weibo, mtandao wa kijamii wa China, yenye mamilioni ya wafuasi, ikatoweka. Gazeti kubwa la michezo lililotaka kumlaani likashindwa hata kumtaja, likamwandika "H". Herufi moja! Na tarehe hiyohiyo, Juni 4, miaka 18 kabla, alikuwa Gwangju amevaa jezi ya taifa, China ikicheza mechi yake ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia la wanaume.

Tatizo la waliotaka kumfuta ni kwamba mabao hayafutiki kirahisi. Kwa hesabu inayotajwa zaidi, alifunga 41 akiwa na timu ya taifa, na hakuna Mchina mwanaume aliyefika hapo. Wu Lei amejitahidi, akaishia thelathini na kitu. Siku kijana fulani atakapofunga la 42, mtangazaji wa televisheni ya taifa atasema amevunja rekodi ya nani?