Nani kasema elektroni haina njia?

Sayansi ikizuka kwenye mabaraza ya Mkunguni, hakosi mmoja wa kusema fizikia imeshathibitisha kwamba chini kabisa ya maumbile ni bahati nasibu tupu. Mwengine humjibu kwa kudra, mjadala ukageuka wa dini. Na kudra sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na hilo "imeshathibitisha".

Mwaka 1927, mkutanoni Brussels, mwanafizikia Mfaransa Louis de Broglie alieleza chembe, mfano elektroni, yenye njia yake halisi, ikiongozwa na wimbi. Hakuungwa mkono, akaiacha. Mwaka 1932 mwanahisabati John von Neumann akatoa hoja iliyodhaniwa imefunga mlango kwa nadharia yoyote ya namna hiyo. Grete Hermann akaonyesha kasoro yake mwaka 1935. Wasomi hawakumjali, na miaka mingi ikapotea bure. Hatimaye mwanafizikia David Bohm, aliyepoteza kazi Chuo Kikuu cha Princeton baada ya kukataa kutaja wenzake walioshukiwa ukomunisti mbele ya kamati ya bunge la Marekani, akaifufua nadharia ya de Broglie kwa makala yaliyochapishwa mwaka 1952, mwenyewe akiwa keshahamia Brazil. Matokeo yake ni yale yale ya kwanta ya vitabuni, yaani fizikia ya chembe ndogo kama inavyofundishwa.

Ni kama bao: hamna dadu, kila kete yafuata sheria, na bado fundi hajui mchezo utaishia wapi. Ila kwa Bohm hata kete zilipoanzia tumefichwa, ndiyo maana twabaki kukadiria.

Bei yake ipo. Mwanafizikia John Bell alionyesha mwaka 1964 kwamba nadharia ya namna hii haiwezi kukubaliana na kwanta bila kipimo cha hapa kugusa chembe ya mbali papo hapo. Wengi hudhani Bell alimzika Bohm, kumbe alikuwa mtetezi wake mkubwa.

Bei hiyo nailipa. Nisiyoilipa ni ya mwanafizikia Mholanzi Gerard 't Hooft, ambaye kwake hata chaguo la mtafiti apime nini limefungamana tangu awali na chembe atakayoipima. Mwaka 2018 watafiti waliachia vipimo vichaguliwe na nuru ya kwaza, viini ving'avu vya magalaksi ya mbali mno, moja yake iliyotoka miaka bilioni 7.8 iliyopita, matokeo hayakubadilika. Nadharia inayoweza kukwepa hata hilo, sijui itakamatwa na jaribio gani.

Linalonisumbua kwa Bohm ni jengine. "Papo hapo" yake yahitaji "sasa" moja ya ulimwengu mzima, na hiyo Einstein aliiondoa mwaka 1905 kwa nadharia yake ya uhusianifu.