Busu si denda: mzizi wa ubishi kuhusu asili ya kubusiana

Mwanzoni mwa Februari waridi la Naivasha, kaunti ya Nakuru, hupakiwa ndegeni kwenda kwa wapenzi wa Ulaya, na huku nyuma ubishi unarudi palepale: kubusiana ni maumbile au ni desturi ya kuletewa? Wazee wa Nyanza na Magharibi husema enzi zao hakuna aliyenyonya mdomo wa mwenzake. Vijana hujibu kwamba hata sokwe hubusiana. Kila upande una utafiti wa kuegemea, na tafiti zenyewe hazigombani hata kidogo.

Tuanze na ule unaowapa wazee nguvu. Mwaka 2015 mwanaanthropolojia William Jankowiak na wenzake walipekua maandishi ya wanaanthropolojia kuhusu jamii 168, wakitafuta jambo moja: je, wapenzi hugusanisha midomo kimahaba? Walilikuta katika jamii 77, yaani asilimia 46. Mashariki ya Kati lilikuwako katika jamii zote 10 zilizochunguzwa. Afrika katika 4 tu kati ya 31. Kadiri jamii ilivyogawanyika kwa matabaka, ndivyo busu la mahaba lilivyojitokeza zaidi. Hilo linaafikiana na maandishi ya kale: wenyeji wa Mesopotamia, Iraki ya leo, walikuwa wanalitaja busu yapata mwaka 2500 KK, na hao walikuwa na wafalme, makuhani na watumwa.

Udhaifu wa hesabu hiyo uko kwenye daftari. Mtafiti wa enzi ya ukoloni aliyefika kijijini na karani wa kumtafsiria angeuliza kuhusu mahari, mazishi na mipaka ya ardhi. Nani angemweleza yanayotendeka usiku ndani ya simba, kile kibanda cha kijana asiyeoa? Jambo la faragha lisipoandikwa, haina maana kwamba halikutendeka.

Lakini hoja hiyo nayo haifuti kila kitu. Zipo jamii zilizoliona busu zikalikataa waziwazi. Mmisionari Henri Junod aliandika kwamba Watsonga wa kusini mwa Afrika waliwacheka Wazungu kwa kunyonyana na kulana mate na uchafu. Mtu hachukizwi hivyo na jambo alilozoea kulifanya gizani.

Sasa upande wa vijana. Mwaka 2025 Matilda Brindle na wenzake walilifuatilia busu kwenye ukoo wa nyani na sokwe, wakakadiria kwamba lilianza kwa mababu wa sokwe wakubwa na binadamu kati ya miaka milioni 21.5 na 16.9 iliyopita. Ili kulipima kwa wanyama wengi iliwabidi walieleze kwa upana: mdomo kwa mdomo, bila ugomvi, midomo ikicheza kidogo, bila kupitisha chakula. Kwa kipimo hicho, sokwe wawili wanaopatana baada ya kupigana wamebusiana. Mahaba hayamo kabisa katika maelezo hayo.

Hapo ndipo fundo lilipo, na Kiswahili kilishalifungua zamani. Tuna busu, neno lililotoka Uajemi, la shavu, la mkono, la mtoto. Tuna pia denda, ambalo asili yake ni ute unaochuruzika mdomoni. Wapenzi wanaonyonyana ndimi tunasema wanakula denda. Brindle alipima busu. Jankowiak alipima kitu kilicho karibu zaidi na denda. Kwa maoni yetu ushahidi unasimama hivi: kugusanisha midomo ni urithi wa kale sana, kula denda ni jambo la kufunzwa. Mzee na kijana wote wana haki, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake.

Kwa nini basi lilianza? Mtafiti wa sokwe Adriano Lameira alipendekeza mwaka 2024 kwamba ni mabaki ya kusafishana. Sokwe anayemtoa mwenzake wadudu humaliza kwa kuchongoa midomo na kufyonza kilichobaki kwenye ngozi. Binadamu alipopoteza manyoya, kazi ya kuchambua ilipungua, ile hatua ya mwisho ikabaki. Wengine wanashika kutafunia mtoto chakula na kumpa mdomo kwa mdomo. Dhana zote mbili zinaeleza busu vizuri, denda haliguswi.

Ile inayopendwa zaidi mitandaoni ndiyo tunayoiamini kidogo zaidi: kwamba mate ni maabara, unamwonja mwenzako ujue kama jeni zake za kinga zinakufaa. Msingi wake ni jaribio la Claus Wedekind la 1995, ambapo wanawake walinusa fulana zilizovaliwa na wanaume. Walinusa, hawakubusu. Kama pua inatosha, ulimi unatafuta nini?

Dhana nyingine, ya mwaka 2010, inasema busu humpa mwanamke kirusi cha saitomegalo cha mwenzi wake mapema, ili kisimpate kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito na kumdhuru mtoto tumboni. Kwa Ulaya inaweza kusikika yenye mantiki. Huku kwetu watoto wengi hupata kirusi hicho wakiwa bado wananyonya. Aina nyingine ya kirusi hicho inaweza kumwingia msichana baadaye, ndiyo, lakini kinga ya kwanza anakuwa nayo miaka mingi kabla ya mchumba wa kwanza.

Kisumu ina ushahidi wake kuhusu safari ya mate. Kirusi cha Epstein-Barr hukaa mwilini maisha yote na kutoka kidogokidogo kwenye mate. Kijana wa Ulaya huenda akakipata kwa denda, akaumwa koo na kuvimba tezi wiki kadhaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia watoto wachanga wa Kisumu, penye malaria nyingi, na wa Nandi, penye malaria kidogo. Wa Kisumu waliambukizwa kwa wastani wakiwa na miezi 7 hivi, wa Nandi miezi 8 na kidogo. Tofauti inaonekana ndogo hadi utazame walioambukizwa kabla ya miezi 6: Kisumu asilimia 35, Nandi 12. Aliyeambukizwa mapema hivyo hushindwa kukidhibiti kirusi, na malaria ya mara kwa mara huzidi kuilegeza kinga. Ndiyo njia ya saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya la mtoto. Mate hayo hayatoki kwa wapenzi. Yanatoka kwa wanaomlea, kwa kijiko kilicholambwa, kidole, chakula kilichotafunwa.

Kwa watu wazima hofu ni ndogo. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walipima wapenzi 21 na kukadiria kwamba denda la sekunde 10 huhamisha bakteria milioni 80, wengi wakiwa wa kawaida. Virusi vya UKIMWI havienezwi kwa mate. Malengelenge ya mdomo, ndiyo, huenezwa, hasa yakiwa bado mabichi. Mwenye kidonda hicho asimbuse mtoto mchanga popote, hata kwenye kisogo, mpaka gamba lidondoke na ngozi ifunge: kwa mtoto wa wiki chache kirusi cha malengelenge hayo kinaweza kufika kwenye ubongo.